Jioni Moja Msituni: Namna ya Kutazama Majani Yakipukutika na Nyota Zikitoka

Watu wengi huenda kwenye hifadhi ya msitu mchana, wakatazama majani mekundu, wakapiga picha na kurudi nyumbani kabla jua halijazama. Wengine hufika usiku na darubini, wakaegesha gari gizani, wakatazama nyota saa nzima na kuondoka bila kujua wamesimama chini ya mti gani. Mimi nakushauri ufanye yote mawili kwa safari moja. Na katikati yake, ukae mahali pamoja bila kuwasha taa yoyote, tangu jua linapozama hadi giza linapokamilika. Kipindi hicho ndicho watu hukipoteza wakila ndani ya gari au wakichezea simu, na ndicho kinachoamua utaona nini usiku kucha.

Mwongozo huu ni wa nchi za kaskazini mwa dunia, kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana vinapolingana, hadi katikati ya Novemba hivi. Kusini mwa dunia majira haya huangukia Machi hadi Mei na anga lake ni jingine, ingawa mengi nitakayosema juu ya macho, miti na baridi yanafaa huko pia. Uzuri wa majira haya ni kwamba giza huingia mapema, kiasi kwamba hata mtoto anaweza kuona nyota kabla ya saa yake ya kulala. Mbu nao wamepungua. Na kadiri majani yanavyoanguka, matawi yanabaki matupu na anga linapanuka juu yako wiki hata wiki.

Kwanza chagua usiku

Anza na mwezi, si na kalenda ya kazi. Mwezi ukiwa mpevu hutaona nyota hafifu hata ukiwa katikati ya msitu mnene. Kuna jambo la majira haya ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, lakini mwezi mpevu ulio karibu na siku ile ya kulingana kwa usiku na mchana huchelewa kidogo tu, nusu saa au pungufu. Kwa hiyo usidhani kwamba siku tatu baada ya mwezi mpevu jioni itakuwa na giza. Subiri wiki nzima. Upande wa pili, mwezi mwandamo wa majira haya hutembea chini kusini magharibi na kuzama mapema, hivyo siku nne au tano za mwanzo haziharibu kitu. Jioni zako nzuri, basi, ni tangu wiki moja baada ya mwezi mpevu hadi siku tano hivi baada ya kuandama.

Halafu tazama hali ya hewa. Siku ya pili baada ya mvua na upepo wa baridi kupita, hewa huwa safi na nyota kali. Lakini usiku mtulivu baada ya mvua huleta ukungu mabondeni, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, panda sehemu iliyoinuka. Upepo ukiwa mkali ahirisha kabisa: tawi kavu likikuangukia gizani hutaliona likija.

Kama una nafasi ya siku moja tu, na siku hiyo mwezi ni mpevu, nenda tu. Nitakueleza chini cha kufanya na mwezi huo.

Kisha chagua mahali

Kuna misitu iliyotunzwa makusudi kwa ajili ya giza lake. Shirika la DarkSky International, lililoanzishwa mwaka 1988, hutoa hadhi kwa hifadhi zinazodhibiti taa zake; Cherry Springs katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilipewa mwaka 2008, na Galloway Forest Park kule Uskoti mwaka 2009. Lakini huhitaji kusafiri mbali hivyo. Msitu wowote ulio mbali kidogo na mji, wenye uwanja wazi, nyasi au ziwa katikati, unatosha.

Uwanja uwe mkubwa kiasi gani? Hesabu yake ni rahisi. Kama miti ina urefu wa mita 20 nawe umesimama mita 20 kutoka ilipo, imekufunika hadi nusu ya njia ya kufika utosini, yaani nyuzi 45. Sogea hadi mita 40 na itafunika nyuzi 27 tu. Ukubwa wa kiwanja cha mpira, basi, ni mzuri sana. Mimi hupenda kukaa karibu na ukingo wa magharibi au wa kaskazini wa uwanja, nikiuachia upande wa mashariki na kusini nafasi, maana huko ndiko nyota za majira haya zinakotokea na kupanda.

Piga simu hifadhini kabla ya kwenda. Uliza mambo matatu: lango hufungwa saa ngapi, kukaa usiku kunaruhusiwa au kunahitaji kibali, na kama ni msimu wa uwindaji. Katika misitu mingi msimu huo huanza miezi hii hii. Kama upo, vaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa mchana wote.

Vitu vya kubeba

Baridi ya kukaa si sawa na baridi ya kutembea. Joto la nyuzi 8 ambalo hulihisi ukitembea litakutetemesha ukikaa kimya saa mbili. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kuliko koti zito moja. Iliyo karibu na ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki haraka na hukupoza. Kofia, glavu, soksi za sufu. Chukua kitu cha kukalia kinachokutenga na ardhi, kwa maana ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa: mkeka mnene, godoro jembamba la kambi au kiti cha kukunja kinachoegemea nyuma. Kiti hicho ndicho bora, shingo itakushukuru.

Chai au supu ya moto kwenye chupa. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, kwa sababu kupe bado wako macho hadi baridi kali ije, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Tochi mbili, moja ya mwanga mweupe kwa dharura na nyingine yenye mwanga mwekundu. Kama huna nyekundu, funika tochi ya kawaida kwa tabaka kadhaa za plastiki nyekundu hadi mwanga uwe hafifu.

Kuhusu darubini, nina msimamo: kwa safari ya kwanza acha ile kubwa ya miguu mitatu. Niliwahi kuibeba msituni nikatumia nusu ya usiku kupangusa umande kwenye kioo chake huku anga lote likinipita. Darubini ya macho mawili ya kushika mkononi, yenye alama ya 7x50 au 10x50, inatosha kwa karibu kila kitu nitakachokutajia. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana ndicho kinachokusanya mwanga. Mchana darubini hiyo hiyo itatazama ndege.

Fika saa mbili au tatu kabla ya jua kuzama

Tembea polepole njia ile utakayoirudia gizani, na uiangalie kwa macho ya mtu atakayeipita bila kuona: mzizi uliofichwa na majani, jiwe lenye utelezi, daraja la mbao lililolowa. Kisha zunguka utakavyo.

Okota jani moja lililobadilika nusu na ulishike kwenye mwanga. Mara nyingi utaona kijani kimebaki kandokando ya mishipa tu, kama mto unaokauka ukabakiza maji kwenye mkondo. Kijani hicho ni klorofili, ambayo mti unaivunjavunja ili kurudisha virutubisho vyake kwenye matawi na mizizi. Manjano inayojitokeza haikuja leo. Ilikuwepo tangu jani lilipochipua, imefunikwa tu. Nyekundu ndiyo ngeni. Hiyo hutengenezwa sasa hivi, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani baada ya mti kuanza kuziba njia kwenye kikonyo. Ndiyo maana mwaka wenye siku za jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huwa na wekundu mkali, hasa kwenye miti ya mepo (maple), na mwaka wa mawingu huwa na msitu wa manjano na kahawia.

Sasa tazama mahali jani lilipong'oka kwenye kijiti. Utaona kovu dogo lililokwisha kufungwa, na juu yake tu, chipukizi la mwakani, gumu, limejikunja. Watu husema mti unakufa kwa muda. Lisogeze karibu na jicho uone kama hiyo ni kazi ya kitu kinachokufa.

Chini ya mialoni tafuta kindi. Huyu hakusanyi tu, anafukia kokwa moja moja, akapiga udongo kwa mikono na kuweka majani juu. Ukikaa kimya dakika kumi bila kusogea atafanya hayo mbele yako. Kwa misitu yenye kulungu, Oktoba ndio wakati madume yanapogombania majike, na ngurumo zao husikika mbali. Usiyafuate. Dume la msimu huu halimwogopi mtu kama lilivyokuwa likimwogopa miezi mitatu iliyopita.

Uyoga utauona mwingi, ukiwemo ule mwekundu wenye madoa meupe. Utazame, uupige picha, uuache. Uyoga unaoitwa Amanita phalloides, wenye kofia ya kijani kibichi iliyopauka, unafanana na aina zinazoliwa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na dalili huanza saa nyingi baada ya kula, ini likiwa tayari limeshambuliwa. Kumbuka mahali ulipoona gogo lililooza, lenye unyevu, lililotambaliwa na nyuzi nyeusi kama kamba za viatu. Utalirudia usiku.

Jua likizama, kaa chini

Hapa ndipo kiini cha mwongozo huu. Chagua kiti chako, vaa nguo zote kabla hujahisi baridi, zima simu uiweke ndani ya mkoba, na ukae. Simu ina programu nzuri za nyota, nazijua, lakini kioo chake kitakugharimu nusu saa kila utakapokiangalia. Jifunze ramani nyumbani.

Shika mkononi jani jekundu ulilookota na ujani wa aina yoyote: jani bichi, au kipande cha kuvumwani, utando wa kijani unaoota juu ya jiwe. Vitazame kila baada ya dakika chache. Mwanzo jani jekundu ndilo linalong'aa. Baada ya muda utaona linafifia, linakuwa la zambarau iliyokolea, halafu jeusi kabisa kama kaa, wakati kile kibichi kando yake bado ni cheupe cheupe. Jani halikubadilika. Kilichobadilika ni jicho lako. Mchana tunaona kwa chembe zinazotambua rangi. Gizani kazi hupokelewa na chembe nyingine, nyepesi zaidi kuhisi mwanga, ambazo hazioni wekundu. Mwanasayansi wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), Jan Purkyně, aliliandika jambo hili karne ya 19 baada ya kutazama maua alfajiri. Na hapo hapo umeelewa kwa nini tochi iwe nyekundu: chembe za usiku haziushtukii mwanga huo, kwa hiyo unaweza kusoma ramani bila kuzitibua.

Chembe hizo zinahitaji dakika 20 hadi 30 za giza zikamilike, na mwanga mweupe wa sekunde moja huzirudisha nyuma. Ndio sababu nasema usiwashe kitu. Ukingoja utusitusi uingie wenyewe, jicho litakwenda nao hatua kwa hatua.

Wakati unangoja, geuka mashariki. Dakika chache baada ya jua kuzama, hewa ikiwa safi, utaona mkanda wa bluu ya kijivu ukipanda juu ya miti na juu yake mkanda wa waridi. Ule wa kijivu ni kivuli cha Dunia yenyewe kwenye hewa. Popo watatoka. Bundi wataanza, katika misitu ya Ulaya majira haya ndiyo wanayopiga kelele zaidi, kwa sababu vijana wanatafuta mahali pao na wazee wanalinda mipaka. Weka viganja nyuma ya masikio kama bakuli uone sauti inavyosogea.

Giza likikamilika

Giza kamili huja jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, ambayo katika nchi nyingi za kaskazini, mwezi Oktoba, ni saa moja na nusu hadi mbili baada ya machweo. Chukulia hii ni katikati ya Oktoba.

Tazama kwanza magharibi na juu: nyota tatu zenye nguvu, kila moja mbali na mwenzake, zinafanya pembetatu kubwa. Ni Vega, Deneb na Altair. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuogopa majina haya, mengi ni Kiarabu kilichochakaa kidogo: Deneb ni dhanab, mkia, na Altair ni at-tair, ndege. Katikati yao inapita Njia ya Maziwa, ule mkanda hafifu mweupe wa nyota.

Kawaida kaskazini hutafutwa kwa kundi la Dubu Mkubwa, lakini jioni za majira haya limelala chini nyuma ya miti. Tumia Cassiopeia badala yake: nyota tano zenye umbo la herufi W, kaskazini mashariki, juu. Ncha ya kati ya W huelekea, kwa kukadiria, upande iliko Nyota ya Kaskazini.

Sasa kusini mashariki tafuta mraba mkubwa wa nyota nne, ndani yake karibu patupu. Huo ni mraba wa Pegasus. Kutoka pembe yake iliyo karibu na Cassiopeia, fuata mstari wa nyota kuelekea kaskazini mashariki: hesabu mbili. Kwenye ile ya pili pinda kuelekea Cassiopeia, pita nyota mbili hafifu, na kando ya hiyo ya mwisho kuna wingu dogo lenye umbo la yai. Usilikazie macho. Tazama pembeni kidogo, nalo litajitokeza, kwa sababu katikati ya jicho hakuna chembe za usiku. Hiyo ndiyo galaksi ya Andromeda, mkusanyiko mkubwa wa nyota kama huu wetu, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, yaani nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5 kukufikia. Mnajimu Abdulrahman al-Sufi wa Isfahan, Uajemi, aliieleza kama wingu dogo mnamo mwaka 964, na hakuwa na darubini. Alikuwa na giza na subira tu, na leo wewe unavyo vyote viwili. Ukishaipata kwa macho matupu, ndipo uinue darubini.

Nusu ya njia kutoka Cassiopeia kushuka kwa kundi la nyota la Perseus pana doa jingine. Darubini italigawa kuwa mafungu mawili ya nyota yaliyokaa bega kwa bega. Hakuna kitu kinachowafanya wageni wangu wanyamaze kama hicho.

Halafu angalia mashariki, chini, kati ya matawi. Kilimia kinachomoza. Jina lake latokana na kulima, na wewe ulilijua kabla ya kusoma neno lolote la unajimu. Macho mengi huhesabu nyota sita. Darubini hutoa kadhaa wa kadhaa, za bluu. Chini yake itafuata Aldebaran ya rangi ya chungwa, na jina hilo maana yake ni hiyo hiyo: mfuasi.

Vimondo havihitaji kifaa. Karibu na tarehe 8 Oktoba kuna vimondo vya Draconids, vinavyofaa kutazamwa mapema jioni. Orionids hufikia kilele tarehe 21 au 22 Oktoba, ni vumbi la nyotamkia ya Halley, kama 20 kwa saa chini ya anga jema sana, na vizuri vyake ni baada ya usiku wa manane. Mwanzoni mwa Novemba Taurids ni vichache lakini vya taratibu, na mara nyingine kimoja huangaza uwanja wote. Lala chali, usilenge sehemu moja.

Kabla ya kuondoka rudi kwenye lile gogo, ukiwa na tochi nyekundu tu kwa ajili ya miguu. Izime. Subiri. Kama limetambaliwa na kuvu wa jenasi ya Armillaria na lina unyevu wa kutosha, mti uliooza unaweza kuonyesha mng'ao hafifu wa kijani, kama mishale ya saa ya zamani inayong'aa gizani. Mara nyingi hutaona kitu. Siku utakapouona, utajua nusu saa ile ya kukaa bila taa ilikuwa ya nini.

Kama mwezi ni mpevu

Achana na galaksi. Elekeza darubini kwenye mwezi wenyewe, uegemeze viwiko magotini, na utazame kwa dakika 15 bila kuacha. Ndege wengi wadogo husafiri kusini usiku, na utawaona wakikatiza uso wa mwezi, vivuli vidogo, sekunde moja kila mmoja. Shusha darubini usikilize: sauti nyembamba zinadondoka kutoka juu ambako huoni kitu.

Kuondoka

Fungasha kwa mwanga mwekundu, ukihesabu vitu kama ulivyovihesabu wakati wa kutoka nyumbani. Gari uwe umeliegesha likiwa limeelekea njia ya kutokea, usije ukamulika wengine ukirudi kinyumenyume. Endesha polepole sana hadi utoke msituni: Oktoba na Novemba kulungu huvuka barabara usiku, na akivuka mmoja ngoja wa pili.

Rudi baada ya wiki nne hivi, ukae kiti kile kile, mwezi ukiwa umeandama tena. Kilimia kitakuwa juu zaidi saa ile ile, na pale ambapo mara ya kwanza paliziba kwa majani, hesabu nyota zilizo kati ya matawi.